Historia ya Linet Akurut, Aliyevaa Vibandiko Viwili

Padri, wazee wa ukoo wa Omagor na wa ukoo wa Ejoku, wafiwa, majirani, madereva na wafanyakazi wa mpakani mliofunga kazi ili mje hapa Amukura leo Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, ninawasalimu nyote. Jina langu ni Akwii, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, nami nimepewa na familia kazi ya kusoma historia yake. Sijazoea kusimama mbele ya watu, hata somo la kanisani sijawahi kusoma, kwa hivyo nimeandika kila neno na nitasoma kama nilivyoandika. Ninaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu historia hii si ya aliyelala hapa peke yake, wako akina mama waliokaa ndani ya mahema haya ambao uhai wao unategemea yale nitakayosema, nao wanajijua, na ninawaomba asiondoke hata mmoja kabla sijamaliza.

Marehemu Linet Akurut alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Mei 1994, katika kijiji kilicho karibu na soko la Chakol, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Ejoku na mama yetu Rael, aliyeketi hapa mbele kando ya jeneza. Alizaliwa nyumbani, kabla ya mkunga kufika, na mama husema kwamba mkunga alipoingia alimkuta mtoto tayari amefungwa kitambaa, akaambiwa akae anywe uji kwa sababu kazi imeisha. Alibatizwa mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, na akapata kipaimara mwaka 2007.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2001 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2008, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana upande wa Nambale, ambako alisoma kuanzia mwaka 2009 hadi 2012. Kila likizo alirudi na madaftari yake na kunikalisha chini, akinisomea maneno niyaandike, na neno nililokosea niliandika mara kumi, yeye akisimama nyuma yangu na kusema, "Usiniangalie mimi, mwalimu wako ni hiyo karatasi." Mimi sikuendelea baada ya darasa la nane, lakini kuandika huku ninakowasomea leo nilifundishwa naye.

Mwezi wa Januari 2014 aliajiriwa na wakala wa kutoa mizigo mjini Malaba, na kazi yake ilikuwa kubeba faili, yaani kuchukua karatasi za mzigo kutoka kwa dereva aliye kwenye foleni, kuzipeleka kwa dirisha moja hadi jingine mpaka zipate stempu zote, kisha kumrudishia dereva avuke kuingia Uganda. Wale mnaojua foleni ya malori ya Malaba mnajua kwamba siku nyingine inafika kilomita kumi, naye alikuwa akiitembea yote kwa miguu, asubuhi na jioni, katikati ya matairi, na madereva wote walimjua kwa jina la Mama Stempu. Dereva akitoa kichwa dirishani na kumwuliza, "Mama Stempu, leo tunavuka ama tunazeekea hapa?" yeye alijibu bila kusimama, "Wewe ulishazeekea mizani ya Mlolongo, boss, hapa tunakuzika tu," na foleni nzima ilicheka, matingo, wale wasaidizi wa madereva, wakipiga milango ya malori kwa mikono. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja, na wakala wake amesema hapa asubuhi kwamba hakuwahi kupoteza karatasi hata moja.

Ni katika foleni hiyo alikokutana na Levis Omagor, dereva wa lori la kutoka Mombasa kwenda Juba. Wazee wake walikuja kwetu Chakol mwezi wa Juni 2017, wakapokewa vizuri, na ndoa ikafungwa kanisani hapa Amukura siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2017. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ochom, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2018 na ambaye sasa yuko chekechea, na Christine, aliyezaliwa siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024. Mimi pia nilijifungua mwezi huohuo, tarehe 21, na kwa kuwa sote tulikuwa tumepanga nyumba katika ploti moja mjini Malaba, watoto wetu walikua kama pacha, yule anayelia alinyonyeshwa na yule aliye karibu.

Sasa nafika mahali pa ugonjwa.

Siku ya Alhamisi, katika kikao cha kamati ya mazishi, mzee Ikapel, baba mdogo wa Levis na mwenyekiti wetu, aliniambia niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, basi. Alisema, "Mama, wewe soma tarehe utoke, hapa watu wanakuja kuzika, hawaji kusikia siri za nyumba, kesho wataimba kwamba bibi ya Omagor alikuwa na wazimu, na wewe watakuita muuaji." Mzee, ninakuheshimu, na najua ulisema hivyo kwa kunilinda, lakini Levis alisimama katika kikao hicho, akasema, "Asome yote," akakaa. Kwa hivyo ninasoma yote.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Desemba 2024, mwezi mmoja baada ya kujifungua. Haukuwa ugonjwa wa homa wala wa maumivu, na hakuwa na wazimu, alikuwa na ugonjwa wa huzuni unaowashika baadhi ya akina mama baada ya kuzaa. Aliacha kula, aliacha kuchana nywele, alikaa kitandani akiangalia ukuta, na siku moja Christine alipolia sana nilikimbia kutoka nyumbani kwangu nikamkuta dada ameketi hatua mbili kutoka kwa mtoto, mikono juu ya magoti, akaniambia, "Akwii, namsikia, lakini ni kama analia kwa jirani." Tulimpeleka kwa maombi, tukampeleka ng'ambo Tororo kwa mama mmoja wa majani, watu wakasema ni jicho la fulani, na yeye akazidi kurudi ndani ya nafsi yake. Mimi nami nilikuwa na ugonjwa huohuo, ingawa kwangu ulikuwa mwepesi, nililia bila sababu na nililala bila usingizi, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa Januari 2025 tulipowapeleka watoto kuchanjwa, nesi alituuliza maswali kumi kutoka kwenye karatasi, na baada ya kusikia majibu yetu alitutuma kwa mradi wa utafiti uliofungua ofisi katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Malaba. Huko tulipokewa na Daktari Jared, aliye hapa leo, naye alitueleza polepole kwamba mama akiwa mjamzito mwili wake hujaa homoni, akishajifungua homoni ile hushuka kwa siku chache, na kwa akina mama wengine moyo hushuka pamoja nayo, kwa hivyo wanajaribu kuona kama kurudisha homoni kidogo kwa njia ya kibandiko cha tumboni kunaweza kuuinua moyo tena. Alituambia kwamba kwa miezi sita nusu ya akina mama watapewa kibandiko chenye homoni na nusu watapewa kitupu, vyote vikiwa na sura moja, na kwamba siri ya nani ana nini iko ndani ya bahasha zilizofungwa Nairobi, hata yeye haijui. Dada, ambaye siku hizo alikuwa hasemi kitu, aliinua kichwa akamwuliza, "Daktari, kwa hivyo unaweza kunibandika karatasi miezi sita na huku unaniangalia tu?" Daktari akamjibu, "Ndiyo, mama, inawezekana, ndiyo maana lazima ukubali mwenyewe, na ukikataa tutakutibu kwa njia nyingine." Dada akasema, "Leta hiyo karatasi."

Tulitia sahihi siku ya Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025. Tulionywa kwa kinywa na kwa maandishi kwamba homoni hii inaweza kugandisha damu mwilini, kwamba kila mama avae chake mwenyewe na kimoja tu, na kwamba mguu ukivimba au pumzi ikikata tupige namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, mchana au usiku. Kibandiko kilibadilishwa kila Jumatatu na kila Alhamisi, na kile kilichotumika kilibandikwa kwenye kadi ya mama, kwenye kisanduku cha tarehe yake, kisha kadi ikarudishwa ofisini ili waone kwamba hakuna kilichokosekana.

Mradi ulifuata sheria zake. Kosa lilianzia kwetu sisi wenyewe, pale kwenye benchi ya nje, tulipokuwa tukingoja kuitwa.

Tulikuwa akina mama ishirini na wawili upande wa Malaba, na mtu akikaa kwenye benchi kila wiki na watoto mikononi hakosi kuulizana na mwenzake. Mmoja aliuliza, "Yako inawasha?" mwingine akajibu, "Inawasha kama upupu," wa tatu akasema, "Basi wewe ni wa dawa, dada, sisi wengine ni wa plasta," na tukacheka. Kutoka siku hiyo ikawa ndiyo kipimo chetu, kwamba kinachowasha ndicho chenye dawa na kisichowasha ni kitupu, tena kwamba aliyeanza kupata nafuu ana dawa na asiyepata nafuu anadanganywa. Cha dada hakikuwasha hata kidogo. Changu kiliwasha, na kufikia mwisho wa mwezi wa Machi nilikuwa nalala usiku, naimba nikifua nguo, namtazama mtoto wangu na moyo unajaa, wakati dada yangu, mlango wa pili, alikuwa bado anaangalia ukuta.

Sisi tumelelewa tukigawana. Kwa mama Rael, mwenye chakula akimwona mwenzake hana, hangoji kuombwa. Siku ya Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili, nilichukua kibandiko changu cha siku hiyo kabla sijakifungua, nikampelekea. Aliniuliza, "Na wewe utabaki na nini?" nikamwambia, "Mimi nimeshapona, hiki kitafanya nini kwangu, kwako kuna plasta tupu tu, wacha uonje dawa." Nilikibandika kwa mkono wangu, upande wa kushoto wa tumbo, kile chake kikiwa upande wa kulia, na siku ya kubadilisha tulivitoa vyote viwili, kimoja tukakibandika kwenye kadi yake na kingine kwenye kadi yangu, na ofisini hawakuona kasoro yoyote.

Na alipata nafuu. Hilo ndilo linaloniumiza kusoma. Kabla ya wiki mbili kuisha aliamka asubuhi akachana nywele, akamchukua Christine kutoka mikononi mwangu akasema, "Lete mtoto wangu, umezidi," na siku ya Jumatatu, tarehe 28 Aprili, alirudi kazini, na madereva walipiga honi foleni nzima mpaka askari akaja kuuliza kuna nini. Tulidhani tumepata njia. Wiki iliyofuata, kwenye benchi ileile, tuliwaeleza wenzetu tulivyofanya, si mmoja, si wawili, tukawaambia kwamba aliyepona amsaidie aliyezidiwa, na niliona kwa macho yangu kibandiko kikipita kutoka mkono hadi mkono chini ya leso. Aliyewafundisha ni mimi. Dada alisimulia kwa mzaha, lakini mimi ndiye niliyeonyesha namna ya kujaza kadi mbili.

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Mei, tulipokuwa tukiosha watoto, niliona kwamba mguu wake wa kushoto umekuwa mnene kuliko wa kulia, kuanzia kifundo mpaka juu ya goti, na ngozi imenyooka na kung'aa. Nilipouliza alisema, "Ni barabara, unajua ninatembea na faili." Jioni niligusa ule mguu, ulikuwa wa moto. Nilimwambia tupige ile namba. Akaniambia maneno ambayo nayasikia kila nikifumba macho, "Ukipiga, watanitoa kwa mradi, na wakinitoa unanirudisha kule nilikokuwa, Akwii, na safari hii sitarudi, mtoto wangu atakulilia wewe." Nilikuwa na simu mkononi, kadi iko juu ya meza, namba inaonekana. Sikupiga. Siku kumi na moja zilipita, kila asubuhi alivaa sketi ndefu akaenda foleni, kila jioni mguu ulikuwa mzito zaidi, na siku za Jumatatu na Alhamisi niliendelea kumbandika, kwa sababu alinyoosha mkono na mimi sikuweza kuunyima.

Siku ya Ijumaa, tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na faili ya dereva anayeitwa Kiprono, alikuwa katikati ya malori karibu na lango la forodha aliposimama ghafla na kushika kifua. Kiprono, ambaye pia yuko hapa, ameniambia kwamba alimwona kwenye kioo cha pembeni akiegemea tairi, akadhani anapumzika, kisha akaona karatasi zimeanguka, na kwa kuwa Mama Stempu hajawahi kuangusha karatasi, aliruka chini. Alimkuta anahema kama mtu aliyekimbia kutoka mbali. Dada alimwambia, "Boss, imebaki stempu ya dirisha la tatu," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu aliyaelewa. Kiprono aliacha lori lake na funguo ndani, katika foleni, jambo ambalo dereva hafanyi, akambeba mikononi mpaka kwa gari la kwanza lililokubali. Njia ya kwenda Busia ilikuwa imejaa malori, walipita kandokando ya barabara kwenye nyasi, wakafika hospitali saa sita na dakika kumi. Madaktari walihangaika naye, lakini saa sita na dakika arobaini mchana Linet Akurut aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na siku kumi na nne.

Mwili ulipasuliwa siku ya Jumanne, tarehe 27 Mei, na ikaonekana kwamba damu iliganda katika mguu wa kushoto, kisha kipande kikasafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia. Wale wanaosema alijiua, hakujiua. Wale wanaosema alirogwa, hakurogwa. Watu wa mradi walifungua bahasha yake, kama sheria yao inavyosema mgonjwa akifa, wakakuta kwamba vibandiko vyake, vile visivyowasha, havikuwa vitupu, vilikuwa na homoni tangu siku ya kwanza.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya Ijumaa, tarehe 30 Mei, nilikwenda ofisini nikiwa na mtoto mgongoni nikamweleza Daktari Jared kila kitu, naye aliandika, kisha akaacha kuandika, akapiga simu Nairobi na bahasha yangu ikafunguliwa. Vyangu pia vilikuwa na homoni. Kwa hivyo dada yangu alivaa kipimo kamili mara mbili kwa muda wa wiki tano, kwa sababu tulidhani kuwasha ni dalili ya dawa, na kwa sababu hatukujua kwamba dawa ileile inaweza kumwinua mmoja kwa mwezi na mwingine kwa miezi minne. Nilimwuliza daktari, "Nimemuua?" Akaniambia, "Mama, siwezi kukuambia ni kibandiko cha pili, labda hata kwa kimoja damu yake ingeganda, hakuna kipimo cha kujua, ninachojua ni kwamba mguu ulivimba siku kumi na moja na sisi hatukuambiwa." Nimelibeba jibu hilo kama alivyonipa, bila kulipunguza.

Kisha nikamwambia kuhusu benchi, na hapo ndipo nilipoona uso wake unabadilika. Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Juni, mradi ulisimamishwa, na kila mama alipigiwa simu, wa Malaba na wa Busia, wakaulizwa kama wamevaa zaidi ya kimoja, kama wamepeana, kama mguu unauma. Wote walijibu hapana. Waliambiwa walete vibandiko vilivyobaki, wengine wameleta, wengine wanasema vimepotea. Daktari aliniwekea kadi zao mezani, akasema, "Angalia, zote zimejaa, hakuna kisanduku kitupu hata kimoja, kadi hizi haziwezi kunionyesha nani amevaa viwili, na hicho ndicho kinanitisha." Mimi ninajua kwa nini mnasema hapana. Mnasema hapana kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mjifungue mnalala, mnakula, mnawaona watoto wenu, na mnaogopa kurudi kule. Dada yangu alisema hapana kwa sababu hiyohiyo, kwa sauti hiyohiyo, na leo amelala hapa.

Jana asubuhi nilimweleza mama, kwa sababu sikutaka asikie hapa pamoja na watu wengine. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba mkono uliobandika ni huu. Mama alishika ukingo wa leso yake, kisha akaniuliza kama mtoto wangu ameshanyonya. Nikasema bado. Akasema, "Basi kaa chini umnyonyeshe, na yule mwingine pia." Sijui kama huo ni msamaha, lakini niliketi nikawanyonyesha wote wawili.

Kwa niaba ya familia, ninawashukuru madaktari na manesi wa hospitali ya Busia waliopigania uhai wake kwa nusu saa bila kuchoka. Ninawashukuru majirani wa ploti yetu kule Malaba, waliopika na kuteka maji kwa wiki mbili. Ninawashukuru wakala, makarani na madereva mliofanya kazi naye, na hasa wewe Kiprono, uliyeacha lori. Ninakushukuru mzee Ikapel na kamati yako, kwa sababu ulinikatalia na bado umeniwekea kiti karibu. Ninamshukuru Daktari Jared, aliyekubali kuja kukaa mbele ya watu waliokuwa wanataka kumpiga mawe, na ninawaomba vijana mliosema mtachoma ile nyumba nyuma ya soko mwache, kwa sababu akina mama watahitaji mahali pa kutibiwa kesho.

Sehemu iliyobaki nimeiandika leo asubuhi, nyuma ya kadi ya mpangilio wa ibada.

Nyinyi mliokaa nasi kwenye benchi, nimewahesabu mkiingia, mko kumi na saba. Sitasoma jina wala namba ya mtu. Gari la mradi liko nyuma ya hema la kwaya, dereva wake yuko ndani, na hospitali imeshaambiwa. Daktari ameniahidi mbele ya padri kwamba hatauliza nani alimpa nani, na kwamba atakayetolewa vibandiko hataachwa, atapewa dawa nyingine ya huzuni na mtu wa kuzungumza naye, bila kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Mwenye viwili tumboni avitoe sasa hivi, hapo alipoketi, chini ya leso, hakuna atakayemtazama.

Lakini kuna mmoja. Nilipokuwa nagawa chai saa tatu, nilimwona akivua kiatu cha mguu mmoja tu, akaukalia ule mguu na kuufunika, na nilipomwuliza aliniambia ametembea kutoka mbali. Dada, nilishaambiwa maneno hayo ya barabara, nikayakubali. Umeketi hema la pili, na hili sikuliandika, ninaliona sasa, tangu nianze kusoma umeshika kifua mara mbili. Nakujua, na wewe unajua kwamba sasa ninakutazama wewe. Mtoto wako mpe huyo aliyeketi karibu nawe, atamshika. Levis atakushika mkono upande mmoja na mimi upande mwingine, utembee polepole, usikimbie.

Nimemwomba padri, na amekubali, kwamba jeneza hili lisiteremshwe mpaka gari lile liwe limetoka kwa geti. Linet, dada yangu, mwalimu wangu, pumzika kwa amani, hakuna anayekuharakisha. Sisi tunangoja huyu mmoja asimame.